Mwalimu wa Namba Isiyogawika

Kwao hasa ni wapi, alizaliwa na nani, alisomea wapi, hayo waulizwe watu wa Rabai na watu wa misheni. Mimi nilimjua akiwa mtu mzima, mwenye mvi mbili tatu kidevuni, mwalimu wa hesabu huko Frere Town na jirani wa cherehani yangu. Nasema jirani wa cherehani kwa sababu mimi mwenyewe hakunijali sana miaka ya mwanzo. Alichokijali ni kiti cha wateja, kilichokuwa kibarazani penye kivuli, na ile meza yangu ya kukatia nguo, ambayo yeye aliiona ni ubao wa kuandikia. Chaki yangu ya fundi iliisha zaidi kwa hesabu zake kuliko kwa suruali za watu.

Walimu walikuwa wengi kwetu Kisauni, wa shule na wa chuo cha Kurani, lakini ukisema Mwalimu bila kuongeza neno, kila mtu alijua umemkusudia yule mwenye namba.

Namba yenyewe ilikuwa 1,022,117. Naiandika kwa tarakimu ili msomaji aione uso wake, maana yeye alidai kwamba namba zina uso. Kwa maneno ni milioni moja, elfu ishirini na mbili, mia moja na kumi na saba. Aliyempa ni serikali. Zama hizo mwanamume Mwafrika alilazimika kuwa na kipande, karatasi yenye jina lake, alama za vidole na namba, na karatasi hiyo ilitiwa ndani ya kikopo cha bati chenye kamba, kikaning'inizwa shingoni. Kukiacha nyumbani ni kosa. Askari akikukuta huna, unalala ndani. Watu walikiita kengele ya mbuzi, na waliokiita hivyo hawakuwa wakicheka. Sisi Waislamu wa miji ya pwani, wengine wetu tuliandikwa kwa namna nyingine tukanusurika, nami nakiri kwamba nilikuwa nikiona haya kidogo kukaa na shingo tupu mbele yake.

Mwalimu alikichukia kipande kama wenzake. Nimemsikia mara nyingi akisema, kwa sauti ya kusikika hadi barabarani, kwamba sheria ile ni tusi, na kwamba aliyeibuni angevishwa yeye kwanza tuone. Watu walikuwa wakitazama kama kuna askari karibu. Kisha yeye mwenyewe huyo, baada ya kupumua, alikishika kile kikopo kwa vidole viwili kama mtu anayeshika yai, akasema, "Lakini namba haina kosa."

Hapo ndipo nilipokuwa simwelewi kabisa. Ukichukia mbwa, utapendaje mkia wake?

Ilivyoanza kupendwa ni hivi. Akiwa kijana, kabla sijamjua, aliitazama namba ile akaona si shufwa, maana inaishia na saba. Akaigawa kwa tatu, zikabaki mbili. Akaigawa kwa tano, zikabaki mbili tena. Akaanza kuishuku kwamba huenda haigawiki. Namba isiyogawika, kama alivyotufundisha kibarazani, ni ile isiyokubali kugawanywa sawasawa na yeyote ila moja na yenyewe. Kumi na mbili wanaweza kuigawana wawili, watatu, wanne, hata sita, na wote wakaondoka wameridhika. Kumi na tatu hapana. Wakija wawili, watatu au wangapi, lazima kitu kibaki katikati yao. Siku hizi watoto wana jina lake kitabuni. Yeye alisema haigawiki, basi.

Kwa namba kubwa kama ile, kukisia hakufai. Inabidi uijaribu na kila namba ndogo isiyogawika, moja baada ya moja. Mwalimu aliziita waposaji. Alikuwa akija jioni baada ya shule, akivuta kiti, akiifuta meza yangu kwa mkono wa shati, akitangaza, "Leo anakuja kuposa mia tatu na kumi na saba." Halafu hugawa, chaki inalia, na mwisho huweka chaki chini na kusema kwa majonzi ya uongo, "Amekataliwa. Amebakisha mia moja na tisa." Wateja waliosubiri nguo zao walishika vichwa kumsikitikia mia tatu na kumi na saba, watu wazima hao, wenye wake na watoto.

Mimi walionifurahisha ni saba na kumi na tatu, maana wote wawili walikataliwa wakabakisha tano. Nilisema hao ni ndugu waliotumwa na nyumba moja. Mwalimu alinitazama kwa heshima siku hiyo, akaniambia, "Fundi, una kichwa." Kumbe nilikuwa natania.

Angeweza kuwamaliza waposaji wote likizo moja. Hakutaka. Kila siku alijaribu mmoja tu, na siku nyingine hakujaribu hata huyo, akisema amechoka na mposaji asiyepokewa vizuri hukasirika. Wakati huo vita vikuu vya pili vilikuwa vimepamba moto, mchele umeadimika, tunakula unga wa njano uliotufanya tutazamane kwa huruma, na bandarini watu walibeba mizigo bila kujua ndani mna nini. Kila mtu alikuwa na habari mbaya ya kuleta kibarazani. Mwalimu peke yake alileta habari kwamba bado haijagawika.

Hata salamu yake iliingiwa na ugonjwa huo. Ukimwambia, "Sabalkheri, Mwalimu, u hali gani?" alijibu, "Mzima, sijagawika." Mkewe, mama mpole wa kanisani mwenye ulimi aliouficha hadi utakapohitajika, alikuwa akiiita namba ile mke mwenzangu. "Mimi nimefungishwa ndoa ya mke mmoja mbele ya padri," aliniambia siku moja alipoleta gauni lipunguzwe, "kufika nyumbani nimemkuta mwenzangu shingoni. Tena mwenyewe mkubwa, milioni na zaidi. Nitamfukuza vipi?"

Kwa askari alikuwa balaa. Kwenye daraja la Nyali, lile la kuelea, kulikuwa na askari mmoja aliyependa kuwasimamisha watu na kudai vipande, hasa wenye viatu. Alimsimamisha Mwalimu. Mwalimu hakufungua kikopo. Aliisema namba kwa moyo, kisha akamuuliza askari kama anajua kwa nini mia moja na moja haiwezi kuigawa. Askari akasema, toa kipande. Mwalimu akatoa, na alipokuwa anatoa akaeleza. Akaeleza habari ya kumi na moja, akaeleza ya kumi na saba, jua lipo utosini, watu wanapita, na askari ameshika karatasi ya mtu asiyetaka kuipokea mpaka somo liishe. Baada ya siku hiyo yule askari akimwona Mwalimu anakuja kwa mbali, aligeuka kutazama maji.

Nisimfanye mtu wa mzaha tu. Shuleni alikuwa mkali, na ukali wake ulikuwa juu ya kitu kimoja: ushei. Mwanafunzi akisema "mia na kitu", alisimamishwa. "Kitu gani?" Mtoto akisema shamba lina minazi kama mia mbili, Mwalimu alimuuliza iwapo hiyo "kama" ina makuti. Aliniambia kwamba wezi wote wa dunia hii, wakubwa kwa wadogo, wanaishi ndani ya ushei, maana ndipo watu wasipotazama. Hata mimi alinigombeza nilipompima mtu kiuno nikasema thelathini na mbili na ushei kidogo. Na kweli suruali ile ilimbana mwenyewe.

Yako mambo ambayo sikuyaelewa kwake hata nilipodhani nimemwelewa. Waafrika waliosoma waliweza kuomba wasamehewe kuvaa kipande, wakapewa barua. Mkubwa wa misheni alimwita Mwalimu akamwambia fomu iko tayari, atie sahihi tu. Alikataa. Kibarazani alisema, "Nikivuliwa mimi kwa kuwa najua kusoma, yule anayebeba magunia pale Kilindini amekosa nini?" Watu walimpigia makofi, na kweli lilikuwa neno la mwanamume. Walipotawanyika nilimuuliza kwa sauti ya chini, "Na namba?"

Akakohoa. "Namba nayo," akasema. "Barua ya msamaha haina namba. Ina sahihi tu."

Basi ikafika siku ya mposaji wa mwisho, mia tisa tisini na saba. Mwalimu alikuja na halua kaifunga kwenye jani, akatugawia wote, kisha akagawa namba. Ikabaki mia moja tisini na mbili. Akaweka chaki chini, akavua kofia, akasema, "Imekwisha. Haigawiki."

Mteja mmoja akauliza, je, hakuna waposaji wengine huko mbele, elfu mbili, elfu tatu? Mwalimu akamweleza kwa upole kwamba hakuna haja. Namba ikigawika, inagawika pande mbili, na pande hizo zikizidishwa zinarudisha namba ile ile. Pande zote mbili haziwezi kuwa kubwa. Lazima mmoja uwe mdogo. "Elfu mara elfu ni milioni," alisema, "na hii ni milioni. Aliye mdogo ningemkuta kabla ya elfu. Sikumkuta." Tukaitikia kwa vichwa huku tunalamba vidole.

Ni wakati huo halua ikiwa bado mikononi ndipo ndugu watatu wa Magogoni walipopita, wanagombana njia nzima kama kawaida yao. Baba yao alikuwa ameacha shamba la minazi, na kwetu mnazi unaweza kuwa wa mtu na ardhi iliyoubeba ikawa ya mwingine, kwa hiyo ugomvi wa minazi una milango mingi. Walikuwa wanataka kugawana mti kwa mti. Mmoja alidai ile mirefu haina faida, mwingine alidai kafara ya babake ilizikwa chini ya ule wa kisimani, na yule mkubwa, Bwana Athumani, alikuwa amekwisha kumnyoshea mdogo wake panga. Wakaja kwangu niwe shahidi. Mimi nilikuwa na halua mdomoni.

Mwalimu alikasirika kweli. Siku ya furaha yake ilikuwa inaharibiwa na minazi. Akasimama, akakiinua kile kikopo, akawafokea, "Hii imejiwa na kila mwenye kugawa, miaka, na haikugawika! Nyinyi mmezaliwa tumbo moja, babenu hata kaburi halijakauka, mnagawika kwa mnazi!"

Bwana Athumani akakitazama kikopo. Akauliza kama ni kweli, na namba yenyewe ni ipi. Mwalimu hakuweza kumnyima mtu jibu la swali kama hilo. Alieleza tangu mbili hadi mia tisa tisini na saba, na wale ndugu walisikiliza wamesimama, na alipofika mwisho Bwana Athumani akanyosha mkono, akakigusa kikopo, akasema, "Wallahi shamba letu na liwe hivyo hivyo. Halikatwi." Wadogo zake nao wakagusa. Wakaondoka bila kugombana, jambo ambalo halikuwahi kuonekana Magogoni.

Mwalimu akanitazama. "Wamefanya nini hawa?"

"Wameapa," nikamwambia.

"Kwa hesabu?"

Habari haikukaa. Wiki hiyo hiyo akaja mzee mmoja na mkwewe, wanataka urafiki wao usivunjike. Wakaja wavuvi wenye chombo cha shirika. Wakaja mabibi harusi na mabwana harusi, Wakristo na Waislamu, wanataka kugusa namba isiyogawika kabla ya kuingia ndani. Mwalimu, aliyekuwa akihubiri darasani dhidi ya hirizi, aliwaambia kila mmoja kwamba hii si dawa, ni hesabu, na ili waamini kwamba si dawa akawaeleza hesabu yenyewe kuanzia mbili. Wao wakasikiliza wameinamisha vichwa. Akimaliza wanasema amina. Mwalimu wa chuo pale mtaani alinikemea mimi, eti kibaraza changu kinafanya shirki. Nilimpelekea Bwana Athumani shtaka hilo, akajibu kwamba wao hawakuiabudu namba, wamejifananisha nayo tu, na kujifananisha hakujakatazwa.

Mwalimu alikuwa akilalamika, lakini mimi namjua. Alianza kuvaa shati jeupe kila siku, na kikopo kiling'arishwa kwa majivu. Siku moja tulipokuwa peke yetu alinieleza jambo ambalo sikumtania kwalo. "Fundi," alisema, "waliponipa hiki walitaka nijue kwamba mimi ni mmoja katika kundi, nimehesabiwa, nimefungwa kamba. Wala hawakutazama wanaandika nini. Wakaandika kitu ambacho hata wao, na nguvu zao zote, hawawezi kukigawa." Nikaelewa kwamba mtu huyu hakubeba namba. Namba ndiyo iliyombeba, na ikimwangusha sijui ataokotwa na nani.

Ikamwangusha Timbwani.

Tulialikwa harusi huko, ng'ambo ya Likoni, kwa watu waliosikia sifa zake. Tulivuka kwa feri, tukapokewa vizuri, nyumba imepakwa chokaa mpya inayoumiza macho. Vita vilikuwa vimekwisha na mchele umerudi. Ndoa ikafungwa, masinia yakatandikwa, tukaketi watu wanne sinia moja, mimi na Mwalimu bega kwa bega. Babake bibi harusi akamwomba kabla watu hawajashiba awape maneno mawili ya ile namba.

Mwalimu akaanza, tonge mkononi. Alikuwa amekwisha kuisema hadithi ile mara nyingi hata mimi ningeweza kumsemea. Akafika pale pa mwisho. "Elfu mara elfu ni milioni," akasema, "na namba hii ni milioni na ushei kidogo..."

Tonge likasimama hewani.

Nilidhani amekabwa na mfupa. Tonge lilirudi kwenye sinia polepole. "Ushei," akasema. Si kwetu. Akainuka, akapita katikati ya watu, akaenda jikoni kwa wanawake, jambo ambalo mgeni mwanamume halifanyi, akarudi na kipande cha mkaa. Akausogelea ule ukuta mweupe wa harusi na akaandika namba yake kubwa kama mlango. Pembeni akaandika 1009.

Nilimfuata nikamshika shati. "Mwalimu, ukuta wa watu!"

"Milioni na elfu ishirini na mbili, Fundi. Si milioni. Ukiizidisha elfu kwa elfu huifikii. Niliacha kipande kidogo hapa juu ya elfu. Kuna mposaji mmoja amekaa humo."

Akagawa. Elfu moja na ishirini na mbili, toa elfu moja na tisa, kumi na tatu. Akashusha moja, haikutosha, akaweka sifuri. Akashusha moja nyingine, akatoa, zikabaki mia tatu na mbili. Akashusha saba. Elfu tatu ishirini na saba. Akazidisha elfu na tisa kwa tatu. Elfu tatu ishirini na saba.

Akaandika sifuri chini kabisa, karibu na sakafu, amepiga magoti.

Watu walipoona amemaliza, amepiga magoti na ameandika duara, wakajua dua imefungwa. Wanawake wakapiga vigelegele. Babake bibi harusi akaja kumshika mkono akilia kwa furaha, akasema ukuta ule hautapakwa tena chokaa maisha yake.

Tukarudi kwa feri. Nilijaribu kumtuliza. "Nani anayejua? Mimi na wewe. Na mimi hata sikuelewa."

"Namba inajua," akasema. Kisha, "Elfu na tisa mara elfu na kumi na tatu. Tangu siku ya kwanza." Akainama akitazama maji, kikopo kinaning'inia mbele yake, nami nikashika mkanda wa suruali yake kwa nyuma, huenda likatokea la kutokea.

Siku ya pili yake alikuja kunichukua twende Magogoni. Alikuwa hakulala. Alisema wale ndugu wameacha panga kwa neno lake, na neno lenyewe ni la uongo, kwa hiyo hana budi kuwafungua kiapo chao kabla hawajalijua kwa mtu mwingine. Nikamwambia wakikatana je? Akasema hiyo ndiyo anayoihofia tangu usiku, lakini hawezi kuwaacha wakae juu ya hesabu mbovu. Nilikwenda naye kwa kuogopa kumwacha aende peke yake.

Tuliwakuta wote watatu ukumbini na mama yao, bibi mmoja wa Kimvita hasa. Tukaamkuana kirefu, tukaletewa kahawa. Mwalimu hakuinywa. Akasimama kama mwanafunzi.

"Nimekuja kuwaomba radhi," akasema. "Ile namba inagawika."

Bwana Athumani akaweka kikombe chini. Niliitafuta kwa macho njia ya kutokea.

"Inagawika kwa wangapi?" akauliza.

"Kwa elfu moja na tisa."

Bwana Athumani akamtazama mdogo wake wa kwanza, akamtazama wa pili. "Sisi tu watatu," akasema.

"Najua, lakini..."

"Kwa watatu inagawika?"

Mwalimu hawezi kusema uongo wa hesabu. "La. Zinabaki mbili."

"Basi watutia hofu ya nini, Mwalimu, asubuhi yote hii? Hao elfu na tisa wakija kudai minazi, tutakaa nao tuzungumze."

Bibi akadakia kutoka mkekani, "Waje mchana, mwanangu. Nami ntawaandalia nini watu elfu na tisa? Hata ndia hiyo ya kupita haiwatoshi."

Nilicheka mpaka kahawa ikaniingia puani. Mwalimu hakucheka. Aliaga kwa adabu, akatoka, na kwa miezi iliyofuata akazunguka kwa kila aliyegusa kikopo, kuwaambia. Mabwana harusi na mabibi harusi walimjibu kwamba wao ni wawili, na kwa wawili haigawiki. Wavuvi walikuwa saba, wakauliza kwa saba. Zinabaki tano, akawaambia, nao wakamshukuru kwa kuwaletea habari njema. Hakuna aliyekubali kufunguliwa. Sifa zake ziliongezeka, maana sasa watu walijua namba ile imeshambuliwa na elfu moja na tisa na bado yeye anatembea.

Lakini yeye alikuwa amekwisha. Kikopo kilitoka juu ya shati kikaingia ndani ya shati, kama cha watu wengine. Ukimuuliza u hali gani, alisema mzima, basi. Kibarazani alipita akasalimu bila kuvuta kiti. Chaki yangu ilikaa hadi ikashika vumbi, na sikufurahi. Nilimkosa sana, nasema kweli, nikawa nasimamisha mashine saa zake za kuja, nikitazama barabara. Baadaye misheni ikamhamishia shule ya Changamwe, na mkewe alipokuja kuniaga alisema, "Yule mwenzangu ameondoka, Fundi, na mume hajarudi."

Kisha kipande kikaondolewa. Kulikuwa na kelele nyingi juu ya jambo hilo, mikutano na barua, na mwisho ikapitishwa kwamba kila mtu, hata Mzungu, atakuwa na kitambulisho cha kutia mfukoni. Vijana wa Kisauni walivipiga mateke vikopo vyao barabarani, na kelele ya bati ilinifanya nifunge dirisha. Nilimfikiria Mwalimu. Nilidhani yeye atakuwa mtu mmoja katika nchi nzima anayelia.

Ilipita muda. Mwaka wenyewe unakaribia kwisha, nikasikia hodi, nikainua macho, ni yeye. Amenyoka, mvi zimemjaa, kifungo cha juu kiko wazi. Shingoni pake palikuwa na alama nyembamba ya ile kamba kuzunguka, nyeupe kuliko ngozi nyingine.

"Msalkheri, Fundi."

"Akheri, Mwalimu. Karibu kiti. Ndicho kile kile."

Akaketi. Alitaka shati. Tukaulizana habari za nyumbani na za Changamwe, na mimi sina subira, nikamuuliza namba yake mpya ni ngapi na kama ameshaijaribu.

"Sijui," akasema.

"Hujui nini?"

"Namba. Waliponipa niliitia mfukoni. Sijaisoma."

Nilikaa na kitambaa mkononi. Ningemwona amebatizwa upya au amesilimu nisingeshangaa vile. Nikamwambia, basi ile ya zamani uliipenda kuliko mke, na hii hujaitazama hata uso?

Alijipapasa shingo pale penye alama. "Ile niliipenda kwa sababu sikuweza kuivua," akasema.

"Si uliletewa fomu, ukakataa kuvuliwa?"

"Fomu ilikuja nimekwisha kuipenda namba." Akatabasamu kidogo, akatazama meza yangu, akaona chaki, akaiacha palepale. "Kitu kikikaa shingoni mwako kila siku, Fundi, na kila siku kinakuambia wewe si mtu, ama utakufa kwa haya ama utakitafutia uzuri. Nilikitafutia. Nilitafuta mpaka elfu. Nilikuwa naogopa kuendelea."

Nilimwambia asimame nimpime. Nikampima mabega, nikampima mkono, nikapitisha utepe shingoni, taratibu, juu ya ile alama, nikasoma, nikaandika. Yeye alikuwa anatazama watu barabarani, na hakuniuliza imetoka ngapi.